Hatua Nne Kutoka Mlangoni

Barua ya tatu kutoka Dar es Salaam ilifika Ilomba siku ya Jumatano, na kama zile mbili za kwanza, ilianza kwa salamu za Bwana Yesu na kuishia kwenye bei ya mkaa. Tusekile aliisoma akiwa amesimama shambani, mtoto Matilda mgongoni, jembe limeegemea paja. Mumewe Fanueli alikuwa karani wa barabara pale Mbeya mjini hadi Januari ya mwaka ule wa 1957, wakubwa walipomhamishia Dar es Salaam. Alitangulia ili atafute pa kuishi, na akamchukua mtoto wao wa kwanza, Ezekia, mwenye miaka saba, asije akapitwa na mwaka wa shule. Mke angefuata baada ya mwezi mmoja. Sasa ulikuwa Juni, na mwezi ule ulikuwa bado haujaisha.

Huku, aliandika Fanueli, mtu hununua kila kitu isipokuwa jasho. Maji yananunuliwa kwa debe. Kuni hakuna, na mkaa unapimwa kwa kopo. Mchicha, ule unaojiotea wenyewe nyuma ya choo, unafungwa vifungu na kuuzwa kama dawa. Nyumba moja ina vyumba sita na kila chumba kina familia yake. Kupanga vyumba viwili ni kwa wakubwa tu. Chumba kimoja, ambacho kitanda kikiingia mlango hugoma kufunguka hadi mwisho, kinameza theluthi ya mshahara kila mwezi kabla mtu hajanunua hata kiberiti. Kimoja hicho amekipata Ilala, na watabanana humo humo. Halafu chini kabisa, baada ya mkaa, alikuwa ameongeza mstari mmoja: "Ezekia hajambo. Siku hizi anamwita mwenye nyumba mama."

Tusekile aliusoma mstari ule mara tatu. Akaikunja barua, akaitia kifuani, akarudi kwenye viazi vyake. Alichimba hadi mwisho wa tuta, akaanza la pili, na jioni alipoviokota viazi vile alikuta nusu nzima amevikatakata kwa jembe bila kujua.

Kilichomzuia kuondoka hakikuwa nauli wala shamba. Alikuwa mtu mmoja tu, ambaye Tusekile alikuwa akimpikia kila siku kwa miaka tisa na hajawahi kumwona uso.

Kwa Wanyakyusa, mke hamwoni baba mkwe. Hamwangalii, hamsalimu, hali naye, halitaji jina lake wala neno lolote lenye sauti ya jina lake. Sisi tunaweza kumtaja: aliitwa Asukile, na kwa ajili yake Tusekile alikuwa hasemi sukari. Dukani aliagiza ile ya kwenye chai, na mwenye duka, aliyekwisha kumzoea, alimpimia huku akicheka. Wakikaribia kukutana njiani, mzee alikohoa, naye Tusekile akaingia kichakani akageuza mgongo mpaka nyayo zipite. Alikijua kikohozi chake, mwendo wake, harufu ya ugoro wake. Kisogo chake alikiona mara moja kwa bahati mbaya, akakosa usingizi siku mbili. Siku ya kuolewa mama yake alimketisha akamwambia kwamba mwanamke anayemwona mkwewe hukauka kizazi, na mtoto aliye mgongoni hukonda, hukonda, mpaka akaisha.

Saulo, mzee wa kanisa, alikuwa amehubiri zaidi ya mara moja kwamba katika Kristo hakuna kujificha kichakani. Tusekile aliitikia amina pamoja na wenzake, na jioni ile ile aliposikia kikohozi aliingia kichakani. Usimcheke. Amina ilitoka mdomoni, lakini ile nyingine, ya mama yake, ilikuwa imekwisha kuingia miguuni.

Mzee alikuwa mjane. Alimfuata mwanawe kutoka Rungwe baada ya kumzika mkewe, ndugu zake wa kiume wakiwa wamekwisha kufa, na mtoto wake mkubwa akiwa amepotelea kwenye migodi ya kusini, barua moja kwa miaka sita. Alijengewa nyumba ndogo ya mianzi na udongo uani, mlango umeelekea upande mwingine ili pasitokee ajali ya macho. Kisha macho yenyewe yakaanza kumtoka, na kufikia mwaka ule alikuwa haoni zaidi ya mwanga na giza. Zamani Ezekia ndiye aliyempelekea chakula na kubeba maneno huku na huku. Ezekia alipoondoka, Tusekile alifunga kamba ya katani kutoka mlango wa mzee, ikazunguka pembe ya nyumba, hadi kwenye kisiki katikati ya ua. Kila asubuhi aliweka pale uji na kigae cha makaa ya moto, akagonga kisiki mara tatu kwa mwiko, akarudi jikoni bila kugeuka. Mzee alifuata kamba, akachukua, akarudi.

Na maneno? Maneno waliwapa kuku. Mzee akiwa na la kusema aliketi nyuma ya nyumba yake akawaambia kuku kwa sauti: "Nyie kuku, leo chumvi imemshinda mtu." Naye Tusekile akamwambia Matilda mgongoni kwamba kesho mama atapunguza chumvi. Wakali wa mila wangesema hata hilo ni kuvuka mpaka, lakini nyumba isiyokuwa na mtu wa tatu hujitungia sheria zake. Miezi mitano waliishi hivyo, na tuseme kweli, waliishi vizuri. Siku Matilda alipoota jino la kwanza mzee aliwaambia kuku ndaga, ndaga, yaani asante, akawarushia mahindi mengi kupita kiasi.

Lakini chumba kilikuwa kimoja. Chumba kimoja cha Ilala, kitanda kimoja, mlango mmoja, na mke na baba mkwe ndani yake: jambo hilo halikuhitaji hata kujadiliwa. Fanueli hakuliandika, Tusekile hakuliuliza, na mzee mwenyewe angekubali kuzikwa hai kabla ya kulikubali. Kwa hiyo ilibidi apatikane mtu wa kukaa na mzee, na asipopatikana, Tusekile abaki. Hilo Fanueli aliliandika waziwazi katika barua ya pili.

Mtu huyo alipatikana. Alikuwa Tupokigwe, dada yake mzee, aliyeolewa Mbalizi na kuishi huko na mwanawe Jailos, akiuza maharage sokoni. Tusekile alikwenda kwa miguu mwenyewe, asubuhi hadi mchana, kumwomba. Tupokigwe alimpokea kwa machozi, akasema damu ni nzito kuliko maji, akaahidi kwamba Jumatatu ya wiki ya tatu Jailos angekuja na mkokoteni kumchukua mjomba wake. Basi la Iringa, lile linalowapeleka watu hadi kwenye garimoshi la Dodoma, liliondoka Mbeya kila Jumanne. Tusekile alihesabu siku kwa vidole na zikatosha.

Akaanza kufunga. Majirani bado wanasimulia alivyofunga. Kwa kuwa huko hata mchicha unauzwa, alianika mboga za maboga, akaanika majani ya maharage, akaanika ndizi mbichi mpaka zikawa kama vipande vya ganda la mti. Alitwanga mahindi akajaza magunia mawili. Shamba alimwachia jirani yake Marta, mjane asiye na mtoto, kwa maneno tu, na mbuzi wawili wakaenda kwa mchinjaji. Siku moja Marta alimkuta anafunga mzigo wa kuni kwa kamba ya migomba, zimekatwa sawasawa ziingie chini ya kiti cha basi. Marta aliketi chini akacheka mpaka akashika mbavu. Tusekile naye akacheka, kisha akaendelea kufunga, maana hakuwa anatania.

Usiku alilala na shati la Ezekia. Mtoto ambaye kwa miezi mitano analishwa na mwanamke mwingine hasahau kwa ubaya. Anasahau kwa sababu ana njaa na yule yupo karibu. Tusekile alilijua hilo, na lilimla moyo. Alimwona akilini akikimbia uani kwa watu, akianguka, akiita mama, na anayegeuka si yeye.

Mzee aliambiwa habari za Mbalizi na Saulo. Aliuliza kama nyumba ya dada yake iko karibu na soko. Saulo akasema iko karibu. "Vizuri," mzee akasema. "Nitasikia watu." Jioni hiyo aliwaambia kuku kwamba mkamwana wake amemtunza vizuri, na huko aendako asiogope, kwa sababu hata mji ni shamba la mtu fulani. Tusekile alisikia yote akiwa jikoni. Matilda alikuwa amelala, hivyo hakuwa na mtu wa kumpitishia jibu, akabaki nalo.

Jumamosi, siku mbili kabla ya ile ya mkokoteni, Jailos alitokea peke yake akiwa juu ya baiskeli. Tusekile alimwona mbali, akaona hana mkokoteni. Alimpa maji, akampa viazi, akasubiri ale. Jailos alikula vyote, polepole, kama mtu anayetaka viazi visiishe.

Mama yake anaumwa magoti, alisema. Hawezi kumwongoza mtu asiyeona. Halafu kuna jambo jingine, ambalo hawakulifikiria siku ile kwa sababu ya machozi.

"Mke wangu naye ni mkamwana wake," Jailos akasema. "Mjomba ni baba. Nyumba yetu ni ile moja, mlango ule mmoja. Mke wangu atapita wapi?"

Swali lile Tusekile alilijua kuliko mtu yeyote. Ahadi ni deni, lakini deni hili lilikuwa limefungwa na kamba ile ile iliyomfunga yeye. Alimsindikiza Jailos hadi barabarani, akamtumia shangazi salamu, akarudi. Nyuma ya nyumba ndogo mzee alikuwa ameketi na kuku wake, na kwa hakika alikuwa amesikia kila neno, kwa sababu macho yalipokwenda masikio yalikuwa yamechukua zamu. Jioni ile hakuwaambia kuku kitu.

Jumapili kanisani Tusekile alipiga magoti akaomba. Hakumwombea mtu ugonjwa wala kifo, tusimsingizie. Aliomba maneno matatu tu: Bwana, nifungulie njia. Lakini alipokuwa akiyasema alijua kwamba kuna mtu mmoja tu aliyesimama katikati ya njia hiyo, na alijua kwamba Mungu naye anajua, na hakuyarudisha maneno yake.

Jumatatu kulikucha na baridi kali. Umande uliganda juu ya majani ya viazi, ua wote mweupe, na maji ndani ya debe yalikuwa na utando mgumu aliouvunja kwa kata. Tusekile alipika uji. Alimfikiria mzee na baridi ile, akamwonea huruma, na badala ya makaa matatu akampakulia kigae tele. Akaweka, akagonga mara tatu, akarudi jikoni. Akasikia miguu ya mzee ikifuata kamba, ikisimama kisikini, ikirudi taratibu kuzunguka pembe.

Halafu akasikia kitu kikianguka ndani ya nyumba ndogo, na kigae kikipasuka.

Alisimama. Sauti ya mzee ikaguna, ikaguna tena. Harufu ilikuja kabla ya moshi. Ilikuwa harufu ya majani makavu ya migomba, yale ambayo mzee alilalia, na baada yake harufu ya blanketi. Tusekile alinyakua debe la maji akakimbia. Alizunguka pembe ya nyumba, akafika mlangoni, na pale mlangoni mwili wake ukageuka wenyewe, mgongo ukatazama ndani na uso ukatazama nje.

"Mwali," mzee akaita. Ndivyo wazee wanavyowaita wanawake wa nyumbani, na angeweza kuwa anamwita mwanamke yeyote. Kisha akaita mara ya pili, na mara hii hakumwita mwanamke yeyote. "Tusekile."

Kwa miaka tisa hakuwahi kulisikia jina lake katika sauti ile. Lilimpiga kama kofi. Mzee alikuwa amevunja kila kitu, amefungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, amemwita aingie. Akaita tena, "Tusekile, njoo," na tena, jina peke yake.

Tusekile aliliweka debe chini. Akalisukuma nyuma kwa kisigino, bila kugeuka, mpaka likavuka kizingiti, huku maji yakimwagika miguuni. Akaiambia mbingu iliyo mbele yake, kwa sauti kubwa, "Maji yako mlangoni."

Ndivyo alivyomwambia kipofu anayeungua. Kisha akakimbia.

Kwa Marta palikuwa patupu. Alikuwa shambani, shamba lile lile aliloachiwa. Tusekile alipiga yowe akateremka bondeni, akavuka kijito, akapanda upande wa pili ambako Saulo alikuwa akifyatua matofali na vijana wawili. Matilda alilia mgongoni njia nzima. Kutoka mlangoni hadi mahali mzee alipoangukia palikuwa hatua nne. Kutoka mlangoni hadi kwa Saulo palikuwa bonde na mlima.

Walimkuta amejiburura kwa tumbo hadi kwenye kizingiti. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya debe. Mapaja, tumbo na kifua vilikuwa vimeungua, na blanketi lilikuwa limeshikana na ngozi hata Saulo hakuthubutu kulivuta. Walitaka kumpeleka hospitali mjini kwa machela akakataa, akasema hana safari nyingine. Wakambeba hadi kwa Saulo. Tusekile alisimama nyuma ya migomba hadi wapite.

Jumanne basi liliondoka. Alilisikia likipanda mlima, au alidhani amelisikia, akiwa ameketi jikoni kati ya magunia yake mawili. Adhuhuri Marta, aliyekuwa akimnywesha mzee maji kwa kijiko, alikuja na kusimama mlangoni bila kuingia. Alikuwa na ujumbe, alisema, na mzee amemkataza kuusema mbele ya watu.

"Anaomba umsamehe," Marta akasema. "Anasema jana alikutaja jina. Anasema maumivu yalimshinda, akakukosea heshima. Anaomba jambo hilo lisimpate mtoto."

Tusekile alimtazama Matilda aliyekuwa sakafuni akila jivu. Marta akauliza amrudishie jibu gani.

"Mwambie nitakuja," Tusekile akasema. "Mwambie naja sasa hivi, naingia, nitamshika mkono."

Marta alitikisa kichwa. Akasema mzee alikuwa amekwisha kukata roho wakati yeye akivaa viatu pale nje kwa Saulo ili aje. Mzee alilirudia neno la mwisho la kuomba radhi, akageuza uso ukutani, basi. Marta alikuwa ameuliza jibu kwa mazoea tu.

Watu walijaa. Tupokigwe alikuja kutoka Mbalizi kwa magoti yake yale yale yanayouma, akaangua kilio kilichosikika hadi barabarani, na alipochoka kulia akaanza kusifu. Alimsimamisha Tusekile mbele ya wanawake akamshika mabega. Huyu ndiye mkamwana, alisema. Hawa wa siku hizi, waliosoma, wangeingia wakamtazama mkwe wao akiwa uchi na moto, wangemwaibisha hadi kaburini. Huyu alimpelekea maji na macho yake akayaweka mbali. Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli, amelelewa. Saulo, aliyehubiri dhidi ya kichaka, aliangalia udongo wa matofali kwenye kucha zake. Tusekile alitamani mtu mmoja tu amtukane, lakini hakuna aliyemtukana. Wakati wa kuaga maiti alibaki jikoni, kama mila inavyotaka, na mzee akazikwa bila yeye kumwona uso.

Fanueli alipata simu ya maandishi siku tatu baada ya mazishi, na akafika siku ya tisa, amevaa suruali nyeupe ya mjini iliyochafuka kwa vumbi jekundu la Iringa. Alilia kaburini kama mwanamume anavyolia, kwa kifupi na kwa kukabwa. Ezekia alikuwa nyuma yake. Alikuwa amerefuka. Mama yake alipofungua mikono, mtoto alisema shikamoo kwa lafudhi ya pwani, akaangalia kwanza kwa baba yake, kisha akaja. Tusekile alimshika akamnusa kichwa, na kichwa kilinuka mafuta ya nazi.

Jioni ya kabla ya safari walikuwa wawili tu uani, wakifunga sanduku. Mzigo wa kuni Fanueli aliutazama akauacha bila kucheka. Tusekile alikuwa amejizuia siku zote zile, akingoja aulizwe, na Fanueli alikuwa hajauliza.

"Aliniita," akasema. "Mara tatu. Kwa jina langu."

Mikono ya Fanueli ilisimama juu ya kamba.

"Ni hatua nne," Tusekile akaendelea. "Nimezipima. Debe lilikuwa mkononi, na mlango alikuwa amenifungulia mwenyewe."

"Ni mila," Fanueli akasema. "Nani atakulaumu? Uliogopa kwa ajili ya mtoto."

"Niliogopa. Lakini Jumapili nilikuwa nimeomba njia, na njia alikuwa ameiziba yeye. Miguu iligeuka yenyewe, Fanueli. Sijui ni nani aliyeigeuza. Kama ni woga, ningekwambia ni woga. Sijui."

Fanueli alikaa juu ya sanduku. Tusekile akadhani kwamba sasa ndipo atamtukana, akajiandaa, karibu kwa furaha.

"Simu ilinikuta ofisini," Fanueli akasema. "Niliisoma mara moja. Kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba sasa mtakuja. Sikuwaza tata amekufa, baba yangu. Niliwaza mtakuja. Kilio kilikuja baadaye, nikiwa njiani kwenda nyumbani, na nilipolia nililia zaidi kwa sababu ya hilo."

Wahenga wamesema kufa kufaana, wakalisema kwa wepesi, kama mtu anayetoa bei ya nyanya. Wale wawili hawakuyataja maneno hayo. Walitazamana, na kila mmoja aliona kwa mwenzake kile alichokuwa akikificha, na hakikuwapunguzia kitu. Tusekile alikuwa amedhani kwamba akisema atapata nafuu. Sasa aliona kwamba neno lile limetoka kwake likawa la wawili, na kwamba watalibeba pamoja na magunia.

Ezekia alikuja kutoka ndani akimshika mkono Matilda, ambaye alikuwa anajifunza kusimama. Aliangalia magunia, sanduku, sufuria, dada yake, mama yake. Alikuwa mtoto wa mjini sasa, na alikijua kile chumba.

"Baba," akauliza, "sote tutatosha mle?"

Fanueli akainama kutafuta ncha ya kamba ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Tutatosha," Tusekile akasema.